Kipande cha Ubavu

Jumatatu, 4 Machi 2024

Wodini. Mwanangu kalala, anakoroma vile vile kama siku aliyozaliwa. Enzi zile nikimlaza kifudifudi ulimi usimzibe koo, nami nakesha kuhesabu pumzi. Miaka 7 sasa. Bado nahesabu.

Jioni alikuwa akipapasa mbavu zake. "Mama, mwalimu alisema ziko 24. Nitabaki na 23?" Nikamwambia ni kipande tu, chenye gegedu kwenye ncha, kiwe kifundo cha taya alichokikosa tangu kuzaliwa. Gegedu linakua, ndiyo maana. Nilikiulizia kifundo cha chuma. Daktari: "Mama, chuma hakikui, na huyu bado anakua." Na ubavu nao una yake: waweza kurefuka kupita kiasi, au taya likagandana na fuvu. Nimetia saini. Mkono ulitetemeka.

Jumanne, 5 Machi

Saa 2 asubuhi wamemchukua. Siogopi kisu, naogopa usingizi. Kidevu kidogo, njia ya hewa nyembamba. Daktari wa usingizi kasema mrija utapitia puani, akiufuata kwa kamera.

Saa 5. Saa 7. Shangazi kapiga, anauliza tena nilikula nini mimba ile. Nikakata simu. Taya huanza kuumbika wiki za mwanzo kabisa, mimi mwenyewe sijajua kama nina mtu tumboni. Sikula kitu. Sikufanya kitu. Naandika hapa ili nami niamini.

Saa 9 na robo. Katoka! Uso umevimba, lakini kidevu kiko katikati. Katikati, Ya Rabi.

Ijumaa, 8 Machi

Meno yamefungwa waya, ya juu na ya chini. Koleo linaning'inia kitandani: akitapika, nikate. Nesi kanionyesha pa kukata mara tatu. Usiku nalishika tu, nimelizoea mkononi. Uji kwa bomba la sindano, unapita pembeni ya shavu. Analalamikia ubavu, taya hata halitaji.

Jumanne, 19 Machi

Waya zimetoka. Kumbe kazi ndiyo inaanza. Vile vijiti bapa vya kukandamizia ulimi, unavipanga kimoja juu ya kingine katikati ya meno, unaongeza. Leo 5. Asipofanya, taya litaganda, na yote haya bure. Kanisukuma mkono: "Hunipendi." Nimeenda kulia bafuni, maji nikayafungulia asisikie.

Jumapili, 24 Machi

Vijiti 7. Kwenye futari alikuwa akiutazama muhogo, hasemi. Baba yake akausogeza mbali, akajimiminia uji. Sote tukanywa uji.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Asubuhi kavipanga mwenyewe mbele ya kioo, mimi nimesimama mlangoni. 13.

Kala tambi kwa kijiko kikubwa. Kaomba tena.