Daftari la Mtaa wa Sikukuu

Mwanangu, ukitaka kujua kwa nini kijana wa Dar es Salaam wa miaka ile alikula hotelini kutwa mara tatu, na mfuko wake mwepesi, anza na chumba alichopanga. Mimi nilifika mjini mwaka 1973 nikitokea Songea, nikapata ukarani mdogo katika Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, na chumba kimoja Kariakoo katika nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, na uani choo, kisima kilichofukiwa na jiko la wote. Jiko hilo lilikuwa la akina mama wenye familia. Kapera akiingia pale na sufuria yake aliwabana wenzake, na hata angejikaza, mkaa na mafuta ya taa vingemmalizia mshahara kabla yeye hajashiba. Basi makapera wote wa mtaa tulikuwa na jiko moja, nalo lilikuwa hoteli ya Mshihiri mmoja pale Mtaa wa Sikukuu. Meza nane, mabenchi, pipa la maji lenye bomba pembeni, kipande cha sabuni kilichofungwa kamba kisitembee, na ukutani picha ya Mwalimu Nyerere ikitazamana na picha ya Kaaba.

Alfajiri uliinusa kabla hujaiona. Kwanza moshi wa mkaa, kisha iliki iliyotoka kupondwa, kisha maziwa yanayoungua kidogo kwenye ukingo wa sufuria, na nyuma ya yote hayo papa mkavu kutoka sokoni, ambaye upepo wa kusi ulimleta mpaka kwenye kikombe chako. Soko la zamani lilikuwa limekwisha kuvunjwa na jipya likijengwa, lile la mapaa kama miavuli alilolichora msanifu wetu Beda Amuli, likafunguliwa Desemba 1975. Mafundi na vibarua wake walikuja asubuhi wakiwa safi na mchana wakiwa weupe kwa saruji, hata nyusi. Chai ya maziwa ilikuwa senti 30, andazi senti 20, chapati kwa maharage shilingi moja, na wali kwa mchuzi wa nyama shilingi 2 na thumuni, ukiongezewa kachumbari na ndimu bila kuulizwa. Kima cha chini cha mshahara kilipopandishwa mwaka 1974 kikafika shilingi 340 kwa mwezi, mzee alipandisha wali kwa senti 50, tukanung'unika wiki nzima huku tukiendelea kula.

Kitu ninachotaka ukielewe zaidi ya bei ni namna tulivyokaa. Meza haikuwa ya mtu. Uliingia, ukatafuta pengo kwenye benchi, ukasema "Hodi wakubwa", wakasogea. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nikila bega kwa bega na dereva wa basi, na mchuuzi wa vitenge, na mwalimu wa Qur'ani, na siku moja na mkuu wangu wa idara, ambaye ofisini sikuwahi kumwona akitabasamu. Pale alinipakulia pilipili kwenye sahani yangu kwa kijiko chake, akaniuliza habari za mvua za Songea. Ukimaliza hukuletewa karatasi. Mhudumu alikutazama tu ukielekea mlangoni, akapaza sauti kutoka upande wa pili wa chumba: "Huyo shati la kijani, tatu na senti ishirini!" Na mzee mwenye hoteli, uso mwembamba wenye alama za ndui, kalamu sikioni, alikuwa amekwisha kuhesabu chenji kabla hujafika. Wahudumu walikuwa watatu, na kichwani mwa kila mmoja zilikaa hesabu za watu ishirini bila kuchanganyika. Nimefanya kazi na makarani wenye vyeti ambao hawakuweza hivyo.

Usipokuwa na fedha, na baada ya tarehe 20 wengi hatukuwa nazo, mhudumu alisema "daftarini", mzee akatoa daftari jeusi lenye jalada gumu. Kila mmoja wetu alikuwa na ukurasa. Hakutuuliza mdhamini wala barua ya mwajiri. Alimtazama mtu kwa wiki mbili tatu, jinsi anavyonawa, jinsi anavyosalimia wahudumu, anavyolipa akiwa nazo, kisha akamfungulia. Mwisho wa mwezi ulipita kwake kabla ya kwenda nyumbani, ukalipa, akapiga mstari mbele ya macho yako. Mwanangu, mji huu ulijengwa na watu waliolishwa kwa daftari lile na mengine kama lile. Benki zilikuwa zimetaifishwa tangu 1967 na zilikuwa zetu sote, lakini hakuna ambayo ingemkopesha kibarua wa saruji sahani ya wali.

Kwenye meza ya dirishani alikaa mwenzangu wa bandarini, kijana kutoka Kisumu, mrefu, mcheshi, asiyekunywa chai mpaka ijae maziwa. Shirika letu lilikuwa la nchi tatu, kwa hiyo Wakenya na Waganda tulikuwa nao ofisini kama ndugu wa nyumba moja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na watu wakaondoka na masanduku yao haraka. Yeye aliondoka ghafla, hata kwaheri hatukuagana. Ukurasa wake ulibaki na shilingi 41. Daftari lile lilipojaa, nilimwona mzee akihamisha madeni kwenye jipya, na alipofika kwenye ukurasa wa yule kijana akaunakili wote, jina na tarehe na kila kikombe. Nikamwambia, mzee wangu, huyu si amekwenda? Akajibu bila kuinua kichwa: "Mpaka umefungwa, mtu hajafa." Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na deni lilikuwa bado linasubiri katika daftari la nne au la tano.

Mwezi wa Ramadhani hoteli ilifungwa mchana, na sisi Wakristo tulipita mitaani tukitafuta mihogo ya kukaanga ya kula kwa kujificha, maana haikuwa adabu kutafuna mbele ya wenye njaa. Lakini jioni! Mzee alisema futari haina dini, akatuweka benchi moja na wafungaji. Tende kwanza, kisha uji wenye pilipili manga unaokata koo, magimbi ya nazi, tambi, kunde, na samaki wa kukaanga ambaye mpishi wetu, Mzaramo wa Kisarawe, alimpaka ndimu na vitunguu saumu mpaka mtaa mzima ukajua. Adhana ilipolia watu hawakuvamia chakula. Mikono ilitulia kidogo, mtu akamwita jirani yake, ndipo wakaanza. Mimi nimelelewa na watawa wa Peramiho, ambako tulisali kabla ya kila mlo, na kwingine sikuona watu wakikiheshimu chakula namna ile.

Siku ya mshahara, nisikufiche, tulitamani kwingine. Tulivaa suruali za miguu mipana tukashuka mjini kwa miguu hadi Salamander, pale Independence Avenue ambayo leo mnaiita Samora, tukaagiza kahawa ya maziwa na keki tukatazama wapita njia. Wapigania uhuru walikuwa wengi mjini wakati huo, wa Msumbiji, wa Zimbabwe, wa Afrika Kusini, na mara nyingi mtu aliyekaa meza ya pili akisoma gazeti taratibu alikuwa na jeshi zima nyuma yake. Hatukuwauliza kitu. Kahawa ilikuwa nzuri, ila kule kila mtu alikaa meza yake, na njiani tukirudi tulipitia Sikukuu kushiba.

Kisha ikaja miaka ya uhaba. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula fedha za kigeni, mafuta yakapanda mwaka 1979, viwanda vikakosa vipuri. Sukari ikawa ya foleni, na mzee akaondoa bakuli mezani. Alikuja mwenyewe na kijiko, akakutilia kimoja, akakutazama usoni akijua unataka cha pili. Ngano ikapotea, na andazi pamoja nayo. Vitumbua vikafuata mchele ulipoadimika. Mahali pake tuliletewa viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo, na ugali wa unga wa njano wa Marekani, ambao mpishi aliukanda kwa hasira. Wakati wa msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983 mzee aliweka kibali cha sukari ndani ya fremu, ukutani, chini ya Mwalimu. Bei zilipanda, sahani zikapungua, lakini daftari halikufungwa. Nakumbuka jioni ya tarehe 12 Aprili 1984: redio ilikuwa juu ya kabati kama kawaida, Mwalimu mwenyewe akaja hewani akatangaza kwamba Waziri Mkuu Edward Sokoine amefariki kwa ajali ya gari. Watu walisimama mmoja mmoja wakatoka. Sahani zilibaki mezani na ugali haujamegwa, katika mwaka ambao hakuna mtu aliyeacha hata ukoko.

Bidhaa ziliporudi wakati wa Mzee Mwinyi, sukari ilirudi kwenye bakuli, ila mzee alikuwa amechoka. Aliuza hoteli mwishoni mwa miaka ile ya themanini akaenda kwa wanawe Mukalla, na leo pale pana ghorofa la maduka ya simu. Mpishi alifungua genge lake Buguruni, bati nne na miti, nami nilimfuata huko. Mchuzi ulikuwa ule ule, ndimu ile ile. Siku moja tarehe 25 nikamwambia, mzee mwenzangu, leo daftarini. Akacheka, akanifuta meza, akaniambia hana daftari. Zamani, akasema, deni la mwezi lilirudi likiwa vile vile lilivyotoka. Sasa shilingi inashuka kila kukicha, na fedha mtakayoniletea mwisho wa mwezi hainunui mkaa niliowapikia. Hakusema kwa ubaya. Alinipakulia wali, akakaa mbele yangu nikila, na nilipomaliza nikamwahidi kumletea kesho yake asubuhi. Nilimpelekea kabla ya saa moja, akazihesabu mara mbili.