Sahani ya Mhudumu

Kila siku ya sherehe, saa kumi jioni, mzee wetu alikuwa akisimama mlango wa nyuma wa ukumbi na kupiga makofi mawili. Hapo tuliacha kila kitu: glasi zilizokuwa zikifutwa, vitambaa vilivyokuwa vikikunjwa, hata meza iliyobakiza uma mmoja. Tulishuka ngazi hadi kantini ya wafanyakazi, tukapanga foleni, tukala. Siku hii wali maharage, siku ile ugali kwa samaki, Ijumaa pilau. Mzee hakai mpaka ahesabu vichwa, na akikosekana mmoja anatuma mtu amfuate. "Mwenye njaa hambebei mwenzake sahani," alikuwa akisema. Kwake hiyo ilikuwa kanuni ya kazi, sawa na ile ya uma kushoto na kisu kulia.

Huo ulikuwa mwaka 1998, katika hoteli moja katikati ya Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka 22, nimetoka Muheza, nimemaliza mafunzo ya uhudumu kwenye chuo cha hoteli pale Forodhani, katika lile jengo la zamani la Klabu ya Dar es Salaam ambalo baadaye lilikuja kuwa la Mahakama ya Rufani. Nilipangiwa idara ya banketi, yaani idara ya shughuli za ukumbini: harusi, mikutano, dhifa za balozi, tafrija za mabenki. Mzee alikuwa ndiye mkuu wetu. Alizaliwa Pangani, alianza kazi akiwa kijana, na sikuwahi kumsikia akimwita mhudumu yeyote kwa kumpigia mluzi au kumwonyesha kidole. Alituita "mwanangu", wanaume kwa wanawake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mkono na jicho. Chakula kilitoka jikoni katika sinia, nasi tukampakulia mgeni mmoja mmoja, tukiinama upande wake wa kushoto, uma na kijiko vimeshikwa kwa mkono mmoja mithili ya koleo. Vyombo vilivyotumika tuliviondoa upande wa kulia. Glasi tuliziweka juu ya mvuke wa maji ya moto kabla ya kuzifuta, kisha tukaziinua kwenye taa kutafuta alama ya kidole. Sherehe ya watu 400 ilikuwa meza 40 za duara, watu 10 kila meza, na kila mhudumu alikuwa na meza mbili zake. Tulikuwa 20. Ukishinda na meza mbili kwa saa nne unawajua watu wake: nani hali nyama ya ng'ombe, bibi yupi meno hayamruhusu kutafuna, mtoto yupi atamwaga soda kabla ya keki. Wengine waliondoka wameshajua jina langu.

Nilikuwa na mkataba wa kudumu. Sare ilifuliwa hotelini, nikiugua natibiwa, na usiku gari la wafanyakazi linanishusha Magomeni. Lakini nikikumbuka siku zile, kitu cha kwanza kinachonijia si mshahara. Ni ile sahani ya saa kumi. Chuoni hatukufundishwa kwamba harufu ya chakula humtesa mwenye njaa kuliko njaa yenyewe, na kwamba mkono wa mtu asiyekula hutetemeka chini ya trei. Mzee alilijua hilo, akaliwekea saa yake.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Yalianza na bufee. Miaka ya mwanzo ya 2000 harusi za Dar es Salaam zilikua: kamati zikawa kubwa, michango ikapanda, kadi zikachapishwa kwa mamia. Kupakulia watu 600 mezani kulihitaji wahudumu 30 na jiko lenye kwenda kwa dakika. Bufee ikarahisisha mambo. Chakula kinapangwa kwenye meza ndefu, juu ya vyombo vyenye moto chini yake, na wageni wanaitwa meza baada ya meza. Wahudumu 15 wakatosha. Sikuichukia bufee, maana mgeni anajipimia mwenyewe na anayetaka kuongeza pilau haombi ruhusa. Ila tangu hapo mimi na mgeni hatukuonana tena uso kwa uso. Nilimwona akiwa kwenye foleni, naye aliniona nikiondoa sahani chafu. Hakukuwa na sababu tena ya kujua jina langu.

Kantini ilibaki, na makofi mawili yalibaki. Mwaka 2006 mzee alistaafu akarudi Pangani. Aliyerithi nafasi yake alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na haraka. Makofi yakawa ujumbe kwamba "atakayepata nafasi akale". Katika kazi yetu nafasi haipatikani mpaka mtu akupe.

Wakati huo mkate wa hoteli ulikuwa semina. Jumatatu hadi Ijumaa ukumbi ulijaa washiriki wa wizara, idara na miradi ya wafadhili: chai ya saa nne, chakula cha mchana, chai ya jioni. Harusi ilikuwa ya Jumamosi tu, lakini semina ilituweka kazini mwaka mzima. Ndiyo maana Novemba 2015 sikuielewa mara moja habari iliyowafurahisha watu wengi. Rais John Magufuli, aliyekuwa ndiyo kwanza ameapishwa, aliagiza fedha zilizochangwa kwa hafla ya wabunge zipelekwe kununua vitanda vya Hospitali ya Muhimbili. Nilishangilia na mimi, kwa kuwa nimewahi kuuguza ndugu aliyelala sakafuni. Kisha likaja agizo kwamba ofisi za serikali zifanyie mikutano yao kwenye kumbi za serikali, na Julai 2016 ikatangazwa kwamba serikali inahamia Dodoma. Fedha za umma zilihitaji kulindwa, hilo silibishii hata leo. Nasema tu kilichotokea upande wetu wa mlango: ukumbi uliokuwa na shughuli siku sita kwa wiki ukabaki na moja. Mwaka 2016 haukuisha, watu wa banketi tukapewa barua. Nilikuwa na miaka 40 na mtoto wa kidato cha pili.

Miezi miwili baadaye ukumbi uleule ulinipigia simu. Walikuwa na harusi, walitaka watu 15 kwa usiku mmoja. Nikarudi kama deiwaka.

Neno hilo kila mhudumu wa mjini analijua. Deiwaka ni mtu wa siku. Jina lake limo kwenye kundi la WhatsApp, ujumbe unatumwa, wa kwanza kujibu ndiye mwenye kazi. Anakuja na suruali yake nyeusi, shati lake jeupe na viatu vyake. Anaripoti saa sita mchana, anapanga viti, anatandika meza, anahudumia, anaondoa vyombo, anatoka saa nane usiku. Matibabu hana, gari la kumrudisha hana, na kantini si yake, kwa kuwa kantini ni ya wafanyakazi.

Hapo ndipo nilipoanza kuihesabu upya ratiba ya harusi zetu. Chakula cha wageni hutoka baada ya maharusi kuingia, keki kukatwa, ndafu kufunguliwa, utambulisho wa pande mbili na zawadi. Mara nyingi ni saa nne usiku. Aliyeripoti saa sita mchana anakuwa na saa kumi mwilini, na tatu za mwisho amesimama nyuma ya kuku wa kuchoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mtu akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Usiku wa harusi sikuwahi kuyaona mapumziko hayo, na hakuna aliyekuwa tayari kuyadai, kwa sababu anayedai haitwi tena.

Tulikula kilichobaki, kikibaki. Baadaye hata hicho kikakatazwa: chakula ni mali ya mwenye shughuli, kamati itakifunga kwenye vyombo iondoke nacho. Ni haki yao, wamekilipia. Tukajifunza kula mihogo kwa mama ntilie kabla ya kuingia na kuficha andazi mfukoni mwa aproni. Nimekula andazi chooni nikiwa na shati jeupe na tai nyeusi, nikisikiliza mshehereshaji akiwakaribisha wageni waheshimiwa mezani. Nilitafuna taratibu ili mtu asinisikie.

Mwaka 2020 korona ilipoingia, harusi ziliahirishwa na simu ikanyamaza. Zilipoanza tena, kamati zilitaka mtu mmoja wa kumpigia badala ya kuhangaika na watu 15. Wenzangu wengi walikuwa wameacha kazi, mimi bado nilikuwa na mikono na namba za watu. Nikakusanya vijana, nikawafundisha kushika trei na kukunja vitambaa, nikaanza kupokea kazi kwa jina langu. Zamani wenzangu waliniita dada. Hawa wakaniita mama.

Shughuli yangu kubwa ya kwanza ilikuwa mwaka 2021, watu 350, ukumbi mmoja wa Kinondoni. Kulikuwa na wengine wawili wanaoitaka kazi ile. Nilipoandika bei niliweka mstari wa chakula cha wahudumu, nikautazama, nikaufuta. Nilijua ninachofanya. Nilitaka bei yangu iwe ya chini, nikaipata kazi.

Saa tatu usiku, wakati wa zawadi, nilisikia glasi zikipasuka karibu na mlango wa jikoni. Msichana wa miaka 19 alikuwa chini, trei juu yake, kiganja kinavuja damu. Tulimtoa nje, tukamfunga kitambaa cha mezani, nikamuuliza alikula saa ngapi. Alikunywa chai asubuhi, kavu. Alipofumbua macho vizuri hakulalamika. Alisema, "Samahani mama, nitalipa glasi."

Sijawahi kusikia maneno mazito kuliko hayo. Mimi niliyelishwa kwa miaka minane na mzee aliyehesabu vichwa, nilikuwa nimeuza sahani za vijana wangu ili nishinde bei. Hoteli iliyonifukuza haikuwepo pale. Agizo la serikali halikuwepo. Nilikuwepo mimi na kalamu yangu.

Glasi nililipa mwenyewe, na kidonda kikapona. Tangu wiki ile bei yangu ina mstari usiofutika: chakula cha wahudumu, saa kumi jioni. Si chakula cha sherehe. Ni wali maharage, mboga ya majani na maji ya kunywa, mpishi wa kamati au mama ntilie wa jirani anakipika. Kwa wageni 350 nachukua wahudumu 18, na gharama ya sahani zao 18 haijawahi kufikia bei ya maua ya meza kuu. Wenyeviti wa kamati wakati mwingine huniuliza, "Mama, si watakula mwisho, kikibaki?" Nawajibu kwamba watakula mwanzo, la sivyo watafute mtu mwingine. Wachache wametafuta. Wengi wamekubali, na wengine hawakuwa wamelifikiria kabisa mpaka walipoulizwa.

Kuna mambo ya leo ambayo ni bora kuliko ya enzi zangu, na sitayanyima haki yake. Kadi za simu zinazosomwa mlangoni zinatupa idadi ya kweli ya wageni, hivyo chakula hakipungui ovyo. Ujira unaingia kwenye simu usiku uleule. Lakini makofi mawili hayajatengenezewa programu. Mpaka leo yanahitaji mtu mzima asimame mlangoni saa kumi, ahesabu vichwa, na amfuate anayekosekana.

Wewe uliye kwenye kamati ya harusi mwezi huu, mkifika kwenye kifungu cha chakula, uliza maswali mawili: wahudumu ni wangapi, na watakula saa ngapi? Majibu yake yaandikwe kwenye bajeti, juu ya mstari wa maua.