Mtunzi, Nitungie Uzi

Panya akiharibiwa seli za dopamini upande mmoja wa ubongo, kisha akachomwa dawa ya kumchangamsha, huzunguka kama pia. Mwaka 1979 watafiti wa Lund, Sweden, waliwapandikiza panya wa namna hiyo seli changa za dopamini zilizotoka kwa vijusi vya panya. Seli zikaota ndani ya ubongo, na kule kuzunguka kukapungua.

Niliposoma hayo nilimwendea baba mdogo. Yeye ni fundi cherehani. Mkono wake wa kulia unatetemeka, uzi hauingii tena kwenye tundu la sindano. Mtaani wanasema karogwa. Daktari kasema ni Parkinson: seli zake za dopamini zinakufa.

"Sasa mwanangu, sisi tutapandiwa lini hizo mbegu?"

Sikutaka kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia kwamba Lund walianza kuwapandikiza binadamu seli za vijusi mwaka 1987, na wapo waliopata nafuu ya miaka mingi. Lakini jaribio la Marekani lililotangazwa 2001 liliwaacha baadhi na mitikisiko mipya wasiyoweza kuizuia. Mwaka 2025 Kyoto, Japani, wakatangaza matokeo ya wagonjwa 7 waliopandikizwa seli zilizokuzwa maabara. Hakukuwa na madhara makubwa, na baadhi walipata nafuu. Lakini hayo yalikuwa majaribio.

Alinyamaza, akameza kidonge chake.

"Haya. Wewe si mtunzi? Nitungie uzi."

Nikatunga.