Mchagua Jembe: Rubani Mpya na Mashirika Mawili

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na hiyo ndiyo methali aliyotupiwa binti mmoja wa Awendo, katika Kaunti ya Migori, siku alipotangaza nyumbani kwamba mashirika mawili ya ndege yamemwita kazini kwa wakati mmoja na kwamba hajaamua ajiunge na lipi. Aliyeitoa ni mjomba wake wa Homa Bay, ambaye humwita “mama” kwa kuwa binti alirithi jina la mama yake mjomba huyo. Kwa mjomba, hapakuwa na la kufikiriwa. Shirika moja lilikuwa na ndege za viti zaidi ya 70. La pili lilikuwa na vindege vya injini moja. “Mama, sisi hatukuchanga pesa ili uendeshe matatu,” alisema, na waliokuwapo wakaangua kicheko.

Kicheko hicho hakikuwa cha bure. Mafunzo ya urubani nchini Kenya hugharimu mamilioni ya shilingi, na baba ni mkulima wa miwa. Hati ya shamba ilipelekwa benki. Kilichopungua kikatafutwa kwa harambee mbili, moja Awendo na nyingine Homa Bay kwa upande wa mama. Kila aliyetoa noti ya shilingi mia mbili alijihesabu kuwa na hisa katika mabawa ya binti huyo. Wala desturi hiyo si ngeni. Mwaka 1959, wanafunzi 81 walipopanda ndege Nairobi kwenda kusoma Marekani katika mpango uliosimamiwa na Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko katika kisiwa cha Rusinga, Homa Bay, jamaa na majirani wa wengi wao walikuwa wamechanga vivyo hivyo. Tangu wakati huo ndege katika eneo hili ni chombo kinachombeba mtoto wa watu wote, na ukubwa wake ni sehemu ya heshima yao.

Neno lenyewe “rubani” lastahili kutazamwa kidogo. Lilitujia kutoka Kiarabu, na kabla ya kupaa angani lilikuwa la baharini: rubani ndiye aliyejua miamba, mikondo na milango ya bandari, akaongoza chombo pasipo kukwama. Si lazima jahazi liwe lake, wala si lazima liwe kubwa. Thamani yake ilikuwa katika kujua ni lini pa kupita na ni lini pa kungoja. Wanaisimu watasema maana imepanuka tu. Huenda pia imepoteza kitu, kwa kuwa msikilizaji wa leo akisikia neno hilo huwaza kofia na mistari ya dhahabu begani kabla hajawaza miamba.

Binti alikuwa na leseni ya rubani wa biashara, ambayo kwa kanuni za kimataifa hudai saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyefuata kozi kamili katika chuo kilichoidhinishwa. Shirika la kwanza lilirusha ndege aina ya Dash 8 kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi Kisumu, Mombasa na kwingineko. La pili lilirusha Cessna Caravan kutoka Wilson, uwanja unaobeba jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Caravan hubeba abiria kumi na wawili hivi, na hutua katika viwanja vya vumbi na nyasi vya Maasai Mara. Yapo pia mashirika yanayoziunganisha safari hizo na kiwanja cha Lichota, Migori, ambako watalii waendao Serengeti hushuka, wakavuka mpaka kwa gari kupitia Isebania na Sirari, kisha wakapanda ndege nyingine Tarime. Kwa hiyo kazi ndogo ndiyo ambayo ingeweza kumfikisha karibu na nyumbani. Jambo hilo mjomba hakulijali, kwani alitaka apite juu.

Nyumbani walihesabu viti. Marubani huhesabu saa. Ili mtu awe kapteni wa ndege inayohitaji marubani wawili hana budi kupata leseni ya juu, nayo hudai saa 1500. Linalowashangaza wengi ni kwamba saa hazilingani. Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kinaeleza kuwa rubani msaidizi katika ndege iliyoidhinishwa kuendeshwa na mtu mmoja, ila nchi husika ikaamuru wawe wawili, huweza kuhesabiwa si zaidi ya nusu ya saa zake anapotafuta leseni ya juu, isipokuwa masharti fulani yatimizwe. Caravan yaweza kuendeshwa na mtu mmoja. Dash 8 haiwezi. Mtu aliyeketi kiti cha kulia cha Caravan kwa saa 800 aweza kujikuta ameandikiwa 400, hali mwenzake wa Dash 8 ameandikiwa 800 kamili. Kwa upande mwingine, msaidizi wa Caravan aweza kuhamia kiti cha kushoto mapema, na saa anazoruka kama kapteni huhesabiwa zote. Hapo kanuni haitoi jibu moja. Binti alichukua karatasi akapiga hesabu mara tatu, na kila mara jibu lilitegemea ni lini angepandishwa cheo, jambo ambalo barua zote mbili za kazi zilikaa kimya kulihusu.

Halafu kuna tarehe. Katika mashirika mengi ya ndege duniani, siku uliyoajiriwa ndiyo nafasi yako katika orodha, na orodha ndiyo huamua nani apande kuwa kapteni kwanza, nani apate ndege kubwa, nani apumzike Krismasi. Ukihama shirika huibebi nafasi hiyo. Unaanza mkiani, hata kama una nywele nyeupe. Ndiyo maana uchaguzi wa kwanza una uzito kuliko unavyoonekana, na ndiyo maana methali ya jembe haikufaa hapa. Jembe hubadilishwa msimu ukiisha.

Orodha nayo huishi kadiri shirika linavyoishi. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946 likasambaratika mwaka 1977, na kutokana na kusambaratika huko ikazaliwa Kenya Airways. JetLink, iliyokuwa ikisafirisha abiria kati ya Nairobi na miji kama Kisumu, ilisimamisha safari zake Novemba 2012. Mwaka 2020 janga la korona lilifunga anga, na safari za ndani zilirejea tarehe 15 Julai; baadhi ya waliokuwa wamesubiri zamu ya kupandishwa cheo walijikuta wanasubiri kuitwa kazini upya. Mwenye kuangalia historia hii hawezi kusema kwa yakini kuwa ndege kubwa ndiyo salama kwa mkate wa mtu.

Lakini lililomkosesha binti usingizi ni ukurasa wa nne wa barua ya shirika la Dash 8. Shirika lingegharamia mafunzo ya ndege hiyo, naye angefungwa kwa miaka mitatu. Akiondoka kabla, angelipa gharama, na mdhamini alitakiwa kutia saini pamoja naye na kuonyesha mali. Mali yenyewe ilikuwa shamba lile lile ambalo hati yake ilikuwa tayari imelala benki. Mikataba ya namna hii ni ya kawaida katika kazi hii, na si haki kuiita unyonyaji. Mafunzo ni ghali na mashirika yamewahi kuachwa na vijana waliowafundisha. Hata hivyo baba alipoulizwa alijibu upesi mno: “Nitatia saini, mwanangu.” Wepesi wa jibu hilo ndio uliomtia hofu. Alimjua baba yake. Angetia saini karatasi yoyote yenye picha ya ndege.

Alirudi Nairobi kwa basi, kupitia Kisii na Narok, akiwa na siku saba za kujibu. Badala ya kuuliza mishahara, ambayo haikupishana sana, alikwenda kuwatafuta marubani wasaidizi wa pande zote mbili akawauliza swali moja: mara ya mwisho kapteni wenu alipogeuza ndege kwa sababu ya hali ya hewa, aliulizwa nini kesho yake?

Swali hili linahitaji kuelezwa kwa asiyeijua anga ya magharibi mwa Kenya. Mchana, jua likilipasha bara joto, upepo mbichi wa Ziwa Victoria hupanda kuelekea milima ya Kisii na Kericho, ukakutana na upepo wa mashariki, na alasiri mawingu hujengeka kama minara. Kericho na Nandi hujulikana kwa mvua ya mawe inayoharibu majani chai. Ndege iliyotoka Nairobi asubuhi kweupe yaweza kuikuta njia ya kurudi imezibwa saa tisa. Abiria mmoja ana mkutano, mwingine ana mgonjwa, mafuta yana kipimo, na mwenye ndege ana hesabu zake. Wakati huo rubani hujikuta peke yake na uamuzi wake, hata akiwa na mwenzake ubavuni. Lugha ya redioni ni Kiingereza kilichonyooshwa kikawa maneno machache. Lakini sauti inayomwambia mtu “jaribu tu” humjia kwa lugha ya nyumbani.

Msaidizi wa shirika la kwanza alitazama nyuma yake kabla ya kujibu. Alisema makapteni wao ni hodari, na kwamba si kawaida kugeuza. Ni jibu linaloweza kuwa la kweli na lisilo na ubaya wowote. Ndege kubwa zina rada ya hali ya hewa na nguvu ya kuzunguka. Msaidizi wa pili alicheka. Alisimulia jinsi wiki mbili kabla kapteni wake alivyoiona Migori ikiwa chini ya wingu jeusi, akazunguka mara moja, akawarudisha watalii sita Mara wakiwa wamenuna. Kesho yake meneja aliuliza kama mafuta yalitosha. Basi.

Mtu aweza kusema huo ni ushahidi mwembamba wa kujengea maisha, na atakuwa na haki. Wapo ambao wangechagua Dash 8 kwa sababu nzuri kabisa: rubani mchanga huhitaji mkubwa mzoefu pembeni yake kwa muda mrefu, na miaka mitatu ya kifungo ni miaka mitatu ya shule. Binti mwenyewe alilikiri hilo. Alichokipima si ndege bali ni mahali ambapo angejifunza kusema hapana bila kutazama nyuma yake, na kama shamba la baba lingekuwa limeketi naye ndani ya chumba cha rubani kila mara anapolisema.

Alijibu barua siku ya tano. Mjomba alipopigiwa simu alinyamaza, kisha akauliza injini hiyo moja ikizima itakuwaje. Binti alimweleza kuwa Caravan huweza kuteleza hewani bila injini na kutua pahali palipo wazi, na kwamba marubani hulifanyia mazoezi jambo hilo. “Basi chagueni uwanja wa Kabunde,” alisema mjomba, “tukuone.” Shirika hilo halikuwa na safari za Homa Bay, lakini binti hakumwambia siku hiyo.

Aliripoti Wilson Jumatatu. Wenzake wawili, walioajiriwa kwa tangazo lile lile, walikuwa wameripoti Ijumaa iliyotangulia. Majina yao yako juu ya lake, na yatabaki hapo maadamu wote watatu wako katika shirika hilo.