Sehemu ya 7: Mimba ya miezi minane na boda isiyopanda resi

Mama zangu, na ninyi baba vijana mnaosoma kwa simu ya mke, niliwaahidi somo la begi la kujifungulia. Begi litasubiri. Leo tuongelee pikipiki.

Usicheke. Huku kwetu Mkange wengi wenu mnakuja zahanati kwa boda. Barabara kiangazi ni vumbi, masika ni tope.

Sasa sikia. Saa 8 usiku aliletwa mama wa uzao wa pili, chupa imepasuka, amekaa katikati ya dereva na mama mkwe wake. Mshikaki. Njia ya dakika 25 waliitembea saa nzima na zaidi. Kila kwenye mwinuko injini inanguruma, inazama, inataka kuzima. Wanashuka. Mama wa watu na uchungu wake anatembea kwenye mchanga.

Mtoto alizaliwa dakika chache tu baada ya kufika. Kisha damu ikaanza kutoka nyingi. Sindano, dripu, tukamkanda tumbo, ikakata. Ingeanzia kule njiani, yaani sijui leo ningewaandikia nini.

Dereva yule ni mdogo wangu, tumbo moja. Na pesa ya kubadilishia ekzosi ile ya kelele nilimpa mimi.

Asubuhi nikaenda naye kwa fundi. Mdogo wangu kaanza, "Ni mafuta mabaya tu." Alishanunua plagi mpya mara mbili, hali ile ile. Fundi hakugusa spana. Akauliza, "Tangu ilipokuwa nzima, umebadilisha nini?" Nikacheka moyoni, maana ndivyo ninavyokuulizeni mkileta mtoto mwenye homa: imeanza lini, umempa dawa gani?

Majibu yakatoka moja moja. Kafunga ekzosi ya wazi. Baada ya hapo mtu akamwekea jeti kubwa kwenye kabureta, mafuta yaingie mengi. Kisha sproketi ya mbele yenye meno zaidi, ili akimbie lami.

Fundi akainua tairi la nyuma, akalizungusha kwa mkono. Linazunguka laini, kwa hiyo breki haishiki. Akafungua plagi: nyeusi, masizi matupu. Hiyo maana yake mafuta mengi, hewa kidogo. Akatoa chujio la hewa, jamani, vumbi lilivyoganda! Injini ilikuwa inapumua kama mtu aliyezibwa pua. Na ile sproketi inakimbiza kweli ukiwa peke yako kwenye lami, ila inapunguza mvuto. Weka watu watatu na mlima, injini haiwezi kupanda resi.

Akaweka chujio jipya kwanza, akaijaribu. Nafuu, lakini bado. Akarudisha jeti ya mwanzo na ekzosi yake, akajaribu tena. Mwisho sproketi. Kitu kimoja, kisha jaribu. Ukibadilisha vyote kwa mpigo hujui kilichoponya, sawasawa na kumpa mtoto dawa tatu siku moja.

Kwa hiyo mama, mimba ikifika miezi minane, wewe na baba watoto fanyeni hivi:

1. Mjue dereva wenu kwa jina na simu, na mwingine wa akiba.
2. Muulizeni bila aibu: chujio la hewa limesafishwa lini? Umebadilisha nini kwenye injini?
3. Mwombeni apande mlima wa kwenu mchana, na mtu nyuma. Ikizama mchana, usiku itawaangusha.
4. Hifadhini namba 115 ya M-mama. Ni bure. Dharura ikitokea anzeni na hiyo, maana boda si gari la mgonjwa.

Ukiona damu, kichwa kinauma sana na macho yana ukungu, degedege, au chupa imepasuka, usisubiri kuche.

Mdogo wangu sasa pikipiki yake haina kelele. Wenzake kijiweni wanamtania imekuwa ya mzee. Yule mama alirudi kliniki na mtoto wake, na aliyewaleta ni yeye. Mlima wote walipanda bila kushuka.

Kesho begi, kweli. Mwonyeshe na baba watoto hii kabla hajalala.