Rika Lililosema Lugha ya Jela

Warusi wa rika langu, wale waliozaliwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili na ambao leo ni mababu, walikua na lugha mbili. Ya kwanza ilikuwa Kirusi cha Pushkin na cha magazeti ya chama. Hicho ndicho sisi vijana kutoka Afrika tulichosomeshwa mwaka mzima wa matayarisho kabla ya kuruhusiwa kuingia darasani. Ya pili hatukufundishwa na mtu. Tuliiokota wenyewe kwenye korido za bweni, kwenye foleni ya bia, ndani ya treni za usiku. Iliitwa fenya, lugha ya wezi na wafungwa.

Kwamba wezi wana lugha yao si ajabu; hata wa Kariakoo wanayo. Ajabu ilikuwa kuwasikia wakiisema watu ambao hawajawahi kuiba hata kalamu: mtoto wa daktari, binti wa mwalimu wa fizikia, mwenzangu wa chumbani pale Leningrad, kijana mpole aliyesomea ujenzi wa madaraja na kumwandikia mama yake barua bila kukosa. Siku moja tulipata mgeni, nami nikamkaribisha aketi kwa neno la kitabuni. Mwenzangu akanivuta kando. Usiseme hivyo, akaniambia, tumia neno hili jingine, maana lile ndilo linalosemwa mtu anapofungwa. Mgeni mwenyewe, mtu wa hisabati, alikuwa amesita kabla ya kukalia kiti. Mpaka leo utakuta Warusi wenye heshima zao wanalikwepa neno hilo nyumbani na maofisini, na hakuna anayeona ajabu.

Lugha ya jela ilifikaje kwenye meza ya chai ya watu kama hao? Stalin alikufa tarehe 5 Machi 1953. Tarehe 27 ya mwezi uleule serikali ikatangaza msamaha, na kwa miezi michache wafungwa wapatao milioni 1.2 wakatoka makambini, karibu nusu ya wote waliokuwamo. Msamaha uliwahusu zaidi wenye vifungo visivyozidi miaka mitano. Wafungwa wa kisiasa, ambao wengi walikuwa na vifungo virefu, wakabaki ndani kungojea miaka mingine. Wezi wakatangulia nje. Hatimaye watu wa makundi yote mawili walirudi mijini na Kolyma yao, na Vorkuta yao, yaani makambi walikotoka, wakapanga vyumba katika nyumba ambazo familia kadhaa zilitumia jiko moja na choo kimoja. Jioni walipiga gitaa uani. Watoto waliowazunguka kusikiliza ndio rika langu.

Fenya yenyewe ina umri mkubwa kuliko makambi. Ilianza kwa wachuuzi watembezi wa mkoa wa Vladimir, waliojitungia maneno ili wapatane bei mbele ya mteja bila mteja kuambulia kitu. Wezi wakaichukua, bandari ya Odesa ikaichanganyia Kiyidi na Kiebrania, na magereza yakaieneza kutoka Bahari Nyeupe hadi Pasifiki. Dmitry Likhachev, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa mkubwa wa fasihi ya kale ya Kirusi, alifungwa visiwa vya Solovki mwaka 1928 akiwa kijana, na humohumo akaanza kuwachunguza wezi waliomzunguka. Makala yake juu ya kamari zao ilichapishwa mwaka 1930 katika jarida la kambi. Mwaka 1935 aliandika kuhusu usemi wao, akaonyesha kwamba kwao neno lina nguvu kama ya uchawi. Hilo ni kweli. Huko ndani mtu hujibu kwa kila alichotamka, na tusi moja lisilofutwa linaweza kumwaga damu.

Pamoja na maneno ilikuja ngazi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Kileleni yuko vor v zakone, mwizi aliyetawazwa na wezi wenzake. Sheria yake ya zamani ilikuwa kali kama ya mtawa: asioe, asifanye kazi, asishike silaha ya serikali, asimsaidie askari kwa lolote, achangie mfuko wa pamoja uitwao obshchak, alipe deni la kamari kwa wakati. Cheo chake kiliandikwa mwilini. Nyota zilizochorwa magotini zilisema kwamba hapigii mtu magoti, na kuba za kanisa kifuani zilihesabu vifungo vyake. Danzig Baldaev, askari wa gereza la Kresty, lile la matofali mekundu kando ya mto Neva, alitumia miaka mingi kuichora michoro hiyo daftarini, naye mwenyewe alikulia kituo cha watoto wa waliokamatwa kuwa maadui wa umma. Aliyejichora asichostahili aliondolewa ngozi hiyo kwa nguvu.

Chini ya vor wako blatnye, wahalifu wa kazi. Chini yao wako muzhiki, wafungwa wa kawaida, ambao ndio wengi: wanakata magogo, wanashona glavu, wanangoja siku yao ya kutoka. Wanaofuata ni kozly, maana yake mbuzi, yaani wafungwa waliokubali kupewa madaraka na uongozi wa gereza. Hapa kwetu tungewaita wanyapara. Angalia mpangilio huo ulikuwa wa nchi gani. Nje, kila ukuta ulikuwa na bango la mfanyakazi mwenye nyundo, na tulihutubiwa mchana na usiku kwamba matabaka yamefutwa. Ndani, mfanyakazi alikaa chini ya mtu aliyekula kiapo cha kutofanya kazi maisha yake yote. Sisi tuliotoka Tanzania ya Azimio la Arusha tungepaswa kulistaajabia hilo kuliko wageni wengine wote. Hatukuliona. Tuliona nyimbo.

Na bado sijafika chini. Chini kabisa wako walioshushwa, wanaoitwa pia majogoo, na huko jogoo si sifa. Mtu huangukia huko kwa kubakwa na wenzake kama adhabu, kwa deni la kamari, kwa aina ya kosa lililomfunga, au kwa kumgusa tu aliyekwisha kuwa huko. Kitanda chake kiko karibu na choo, na choo ni kazi yake. Kijiko chake kimetobolewa tundu ili kisichanganyike na vya wengine. Supu ya jela ni maji yenye kabichi. Kila anapokiinua kijiko hana budi kuziba tundu kwa kidole au kwa bonge la mkate, mara tatu kwa siku, miaka minane, miaka kumi. Ukipokea sigara mkononi mwake, umekuwa kama yeye. Ukinywea kikombe chake, ndivyo hivyo. Akihamishiwa gereza jingine hutakiwa kujitangaza akiwa mlangoni, kabla hajagusa kitu, na akificha kisha habari zake zikafika, atapigwa na huenda akauawa. Kupanda hakuna. Muzhik anaweza kupata heshima na mwizi anaweza kuvuliwa taji, ila aliyeshushwa atakufa ameshushwa. Askari wanajua yote haya, na mpelelezi anayetaka mtuhumiwa akiri haraka anajua pia ni chumba gani cha kumtishia nacho.

Naona ndicho kiini cha jambo lote. Mwizi aliyetawazwa hana jeshi, hana mshahara wa kumlipa mtu, na kwa miongo mingi hakuwa hata na mali. Utawala wake unasimama juu ya hofu ya kijiko kile. Ondoa mtu wa chooni, na fahari yote ya juu inabaki ngano za walevi.

Rika langu halikuelezwa hivyo. Lilisimuliwa habari za mwizi muungwana anayemheshimu mama yake. Mwandishi Varlam Shalamov, aliyekamatwa mwaka 1937 na kuachiwa Kolyma mwaka 1951, aliandika kwa hasira juu ya kosa hilo, akiwashutumu waandishi wakubwa kabisa wa Kirusi kwa kuwapamba wahalifu. Alieleza pia vita vya masuka, yaani majike ya mbwa, vilivyochafua makambi baada ya 1945: wezi waliokuwa wamepigana katika jeshi la nchi yao walirudi gerezani wakaambiwa wamevunja sheria kwa kushika bunduki ya serikali, na pande mbili zikachinjana huku maofisa wakichochea moto. Maandishi ya Shalamov juu ya makambi hayakuruhusiwa kuchapishwa nchini mwake mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980, naye alikufa mwaka 1982. Vijana wa rika langu wangeyasoma wapi?

Walichopata ni sinema. Mwishoni mwa 1971 ilitoka komedi moja, kwa Kiswahili tungeiita Mabwana wa Bahati, ambamo mkuu wa shule ya chekechea anafanana sura na jambazi sugu, polisi wanamtia gerezani ajifanye yule jambazi, na mwalimu wa watu inambidi akariri fenya kama masomo. Watu milioni 65 waliitazama katika majumba ya sinema. Matusi makali yaliondolewa, yakawekwa ya kubuni. Mtu mbaya, kwa mfano, akaitwa figili. Bwenini kwetu waliijua kwa moyo. Ni sinema nzuri, nikiiona leo bado nacheka, na hakuna kijiko chenye tundu ndani yake. Kisha kulikuwa na kanda za mwimbaji Vladimir Vysotsky, zilizonakiliwa kutoka kinasa sauti hadi kinasa sauti mpaka sauti ikawa kama inatoka kisimani. Alianza na nyimbo za wezi ingawa hakuwahi kufungwa kambini. Alipokufa Julai 1980, katikati ya Michezo ya Olimpiki, Moscow ilifurika watu barabarani bila ya serikali kuwaita.

Siwezi kuwalaumu kwa kuipenda lugha ile. Lugha ya chama ilikuwa imekufa mdomoni, kila mtu akijua kwamba mzungumzaji haamini anachosema. Fenya angalau ilikuwa na chumvi. Wosia wake mkuu ni huu: usiamini, usiogope, usiombe. Mwenzangu wa madaraja aliupenda wosia huo na mimi niliuona wa kishujaa. Umri umenifanya niutazame kwa jicho jingine. Nimekulia kijijini ambako mtoto hutumwa kwa jirani kuomba chumvi hata kama nyumbani ipo, ili tu majirani wasikose kusalimiana. Wosia wa kutoomba ni wa mtu aliyezungukwa na maadui usiku na mchana. Kwa mfungwa una maana. Taifa zima likiufuata katika foleni ya mkate, ni msiba.

Mavuno yake yalianza mapema. Tangu miaka ya 1970 vijana wa mitaa ya Kazan walijigawa magenge yenye ngazi iliyofanana na ya jela, mwanamtaa juu na asiye na genge chini, na mtu wa chini unaweza kumpiga bila kuvunja ahadi yoyote. Dola la Kisovieti lilipoanguka mwaka 1991, wafanyabiashara wapya hawakuwa na mahakama ya kuaminika wala sheria ya mikataba, ila lugha walikuwa nayo tayari. Anayekulinda kwa malipo akaitwa paa, kama la nyumba. Kwenda kumalizana na wapinzani, wenye bunduki kwa wenye bunduki, kukawa na jina lake. Watu waliosoma nami, wahandisi, waliyatamka maneno hayo kwenye simu kama tunavyotamka risiti na stakabadhi. Septemba 1999 waziri mkuu mpya, Vladimir Putin, mzaliwa wa Leningrad mwaka 1952, aliahidi kwamba magaidi watauawa hata wakikamatwa chooni, na kitenzi alichokitumia kilitoka jela moja kwa moja. Wasomi walikunja uso. Wengi walifurahi: hatimaye mkubwa anasema kama sisi.

Dola limejaribu kuikata mizizi kwa sheria. Tangu 2019 kushika cheo cha juu katika ngazi ya wahalifu ni kosa peke yake Urusi, hata bila ushahidi wa wizi, na mwaka 2020 Mahakama Kuu iliharamisha AUE, mkondo wa vijana wanaoiga maisha ya jela, ikiuhesabu kuwa wa itikadi kali. Miaka miwili baadaye Yevgeny Prigozhin, kiongozi wa jeshi la kukodiwa, ambaye mwenyewe alikaa gerezani karibu muongo mzima wa 1980, alizunguka kwenye nyua za magereza akiwapa wafungwa ahadi ya msamaha wakienda kupigana Ukraine kwa miezi sita. Januari 2023 serikali yetu ilithibitisha kwamba mmoja wa waliokubali na kufa huko alikuwa Mtanzania, mwanafunzi aliyekuwa akitumikia kifungo. Nilisoma habari hiyo mara mbili. Nilijiuliza alifikia daraja gani la ngazi ile, kijana mweusi mgeni, na ni maneno gani aliwahi kujifunza kabla hajaitikia.

Mwenzangu wa chumbani bado yu hai na tunaongea kwa simu. Mjukuu wake ana neno moja kwa kila kitu kisichompendeza, viatu vya mwaka jana, wimbo wa zamani, shati la babu: zashkvar. Ni neno la jela, la kunajisika kwa kumgusa aliyeshushwa. Nilimuuliza kama amewahi kumweleza mtoto linakotoka. Akasema mtoto ameshaona yote mtandaoni na hajali. Tukagombana kidogo, ugomvi wa wazee, kila mmoja akimtupia mwenzake kizazi chake.

Vijana hunijia mara kwa mara wakiuliza kuhusu nafasi za masomo za Urusi. Nawaambia habari za baridi na za bweni. Nawaambia kifungu cha 228 cha dawa za kulevya kimejaza magereza mpaka Warusi wenyewe wanakiita kifungu cha wananchi, kwa hiyo wasimbebee mtu mzigo wala bahasha. Nawaambia pia wakiisha kuzoea Kirusi cha mtaani wasimwite mtu mbuzi wala jogoo, hata kwa utani, hata kama ni rafiki na wamekunywa pamoja, na wakiitwa hivyo wao, waulize kwanza huyo anayewaita alikulia wapi.