Breki za Mwaka 57

Wadau, nimerudi. Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Nilikuwa likizo Marekani kwa baba yangu mdogo, anayeishi jirani na Detroit, jiji la magari. Leo siandiki kuhusu maghorofa wala baridi. Naandika kuhusu Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957.

Kama hujawahi kuliona, ni gari refu lenye mapezi mawili nyuma kama ya samaki, limejaa kromu. La baba mdogo ni la buluu, paa jeupe. Siku ya kwanza, kituo cha mafuta, alinikabidhi mpira wa pampu akaniambia nijaze. Nikalizunguka mara mbili, tundu silioni. Akacheka hadi akashika mbavu. Kumbe mfuniko umefichwa nyuma ya pambo la kromu kwenye pezi la kushoto!

Kabla ya kuondoka Dar, baba mdogo alikuwa fundi wa kunyoosha bodi pale Gerezani. Gari hili alilinunua likiwa skrepa. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, maana kule wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi haina urafiki na bati. Akakata mabati yaliyooza, akachomelea mapya, akapiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Alianza nikiwa sekondari. Nilipoingia chuo kikuu, kazi ikasimama miaka mitatu. Sababu nimeijua safari hii, mama mdogo aliponinong'oneza jikoni: fedha za kufufua injini ndizo zilizokuwa ada yangu.

Sasa nikakuta ugomvi ndani ya nyumba. Mdogo wangu, mtoto wao wa kwanza, anataka gari libadilishwe: lishushwe chini, liwekwe rimu kubwa na breki za kisasa. Vijana wa Marekani wameanza mchezo huo zamani. Kule Los Angeles, ndugu wawili, Sam na George Barris, walijipatia jina kwa kukata paa za magari ya Mercury na kuyashusha. Baba mdogo hataki kusikia. Kwake, injini ni ile ile ya V8 yenye lita 4.6, na kila kitu kibaki kilivyotoka kiwandani. "Ukibadilisha kila kitu, utasema una gari la mwaka gani?" aliuliza.

Hoja ilikuwa nzuri. Tatizo ni breki. Kama magari mengi ya enzi hizo, hili lina breki za dramu magurudumu yote manne, na mafuta yote ya breki yanasukumwa kwa njia moja. Bomba moja likipasuka, umebaki na usukani na dua.

Kuna jingine. Huwa tunasema magari ya zamani ni chuma kweli kweli, ya sasa ni makopo. Mwaka 2009 taasisi ya IIHS, inayogharimiwa na kampuni za bima, iligonganisha Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda kilomita 64 kwa saa. Chumba cha dereva cha Bel Air kilikunjamana, usukani ukamfuata sanamu aliyekaa kitini. Angekuwa mtu, angekufa. Wa Malibu angetoka na jeraha dogo tu.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma kabla sijapanda ndege. Mimi ambaye kazini nawauliza maswali mawaziri, mbele ya mtu aliyenilipia ada nikanyamaza.

Jumapili tukatoka wawili kulijaribu. Mtaa umetulia, mteremko mdogo. Mbele, mtoto akakatiza na baiskeli. Baba mdogo akakanyaga breki, pedeli ikazama hadi sakafuni. Akavuta breki ya mkono, akakata kona, tukapanda ukingo wa barabara na kusimama kwenye majani ya jirani. Mtoto akatutazama, akaendelea na safari yake. Sisi hatukuweza kusema neno.

Lilikuwa bomba la zamani la nyuma. Alilisafisha badala ya kulibadili, kwa kuwa ni la asili.

"Ulikuwa unajua habari za breki hizi?" aliniuliza, mikono bado ikitetemeka.

"Nilikuwa najua, baba mdogo."

"Sikukulipia ada ili uje uninyamazie, mwanangu."

Kesho yake aliagiza mabomba mapya, breki za diski za mbele, pampu ya njia mbili na mikanda. Mdogo wangu akajaribu bahati yake kwenye suala la kulishusha gari, akafukuzwa bandani. Rangi, injini na ule mfuniko uliofichwa havikuguswa.

Kila Agosti magari ya zamani hujaa Woodward Avenue, kwenye maonyesho yaliyoanza 1995 kwa kuchangisha fedha za uwanja wa soka wa watoto. Baba mdogo anataka kulipeleka. Wajuzi watachungulia chini, waone diski, na watasema si la asili.

Waseme. Mimi nimepewa kazi ya kufunga mkanda na kutonyamaza.